Baniani na kiatu chake: Holi, Ramadhani na vijana wetu wa Thika Road

Ijumaa ya tarehe 14 Machi mwaka huu wa 2025 ilikutanisha mambo mawili. Waislamu walikuwa katikati ya mfungo wa Ramadhani, na Wahindu walikuwa katika sikukuu yao ya Holi, ile inayojulikana na wengi kwa kupakana rangi. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka jana Holi iliangukia tarehe 25 Machi, nayo pia ilikuwa Ramadhani. Mwakani, tarehe 4 Machi 2026, itakuwa vivyo hivyo.

Kwetu Pwani jambo hili lingepita bila maneno, kama lilivyopita miaka mingi. Lakini mwaka huu limekuja na maswali mawili. La kwanza linatoka kwenye simu: video za India zinazoonyesha misikiti iliyofunikwa maturubai ili isimwagiwe rangi, na maneno makali yanayoandamana nazo. La pili linatoka kwa wazazi. Watoto wetu wengi wanasoma bara, kando ya barabara kuu ya Thika, na huko sherehe za kurushiana unga wa rangi zimekuwa burudani ya vijana. Mzazi wa Likoni au Malindi anaona picha ya mwanawe, uso umejaa rangi ya waridi na kijani, naye anauliza: hii ni ibada ya watu au ni mchezo tu?

Swali hilo linastahili jibu la maana, na jibu lenyewe linahitaji kwanza tujue tunazungumza juu ya nini.

Mhindi si lazima awe Mhindu

Lugha yetu ilitofautisha mapema mambo ambayo wengine bado wanayachanganya. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Bohora, Ismailia na Ithnaasheri tunaowajua Mombasa na Lamu ni Wahindi, nao ni Waislamu. Kalasinga ana dini yake. Mgoa mara nyingi ni Mkatoliki. Familia nyingi za Waoshwal, ambazo majina yao ya Shah yanajulikana sana katika biashara za Nairobi na Thika, ni Wajaini, na hekalu la Wajaini limekuwapo Mji wa Kale wa Mombasa tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo anayesema "Wahindi wanasherehekea Holi" amesema nusu. Wahindu husherehekea, na baadhi ya jirani zao huungana nao.

Wahindu wa Kenya si wengi. Sensa ya 2019 iliwahesabu takriban 60,000 nchi nzima. Wengi wao wana asili ya Gujarat na Kutch, na wengine Punjab. Kihistoria si wageni wa jana. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta vyombo vya wafanyabiashara kutoka India bandarini, na mabaharia wa Kireno waliwadhania watu hao kuwa Wakristo. Wanahistoria wengi wanaona kwamba walikuwa Wahindu. Katika karne ya 19, kwa miaka mingi, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Sewji, Mbhatia wa Kutch, aliyekodishwa kazi hiyo na Sultani. Watu hawa ndio mababu zetu waliowaita Mabaniani.

Na mababu hao ndio waliotuachia methali: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Tunaitumia kila siku bila kuifikiri. Inasema kwamba mtu twaweza tusimpende, lakini kitu chake tukakihitaji. Methali hiyo ni kioo cha uhusiano wa karne nyingi: tulijua duka lake, mizani yake, kitambaa chake na deni lake, lakini nyumbani kwake hatukuingia, naye kwetu aliingia kwa nadra. Holi ni mojawapo ya mambo yaliyobaki nyuma ya ukuta huo.

Moto kwanza, rangi baadaye

Holi ni sikukuu ya mbalamwezi. Huangukia usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa Phalguna, ambao kwa kalenda ya kawaida huwa kati ya mwisho wa Februari na Machi. Huko kaskazini mwa India baridi huwa imekwisha, miti inachipua na mavuno ya ngano na shayiri yanakaribia. Kwetu wakati huo kaskazi inaelekea ukingoni na watu wanatazama mawingu ya masika. Zama za majahazi, mabaharia wa Kutch walikuwa bado huku bandarini, wakingoja kusi iwarudishe kwao.

Sikukuu yenyewe ina sehemu mbili. Usiku wa kwanza ni wa moto. Kuni hurundikwa, huombewa, kisha huwashwa. Watu huuzunguka moto huo wakiutolea nazi, tende na bisi za mtama. Katika familia za Kigujarati wapo wanaofunga mchana kutwa na kufungua baada ya moto kuwashwa, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo hubebwa akazungushwa motoni kwa mara yake ya kwanza. Siku ya pili, ambayo Wagujarati huiita Dhuleti, ndiyo ya rangi.

Hadithi inayosimuliwa zaidi kuhusu moto huo ni ya mfalme jeuri aitwaye Hiranyakashipu, aliyetaka watu wamwabudu yeye. Mwanawe, Prahlad, alikataa na akaendelea kumwabudu Vishnu. Mfalme akamtuma dada yake, Holika, aliyekuwa na kinga ya moto, akae na mtoto huyo katikati ya miali. Holika akaungua, mtoto akatoka salama. Jina la Holi linatokana na huyo Holika. Baadaye mfalme naye akaangamia. Alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje. Vishnu akamjia akiwa nusu mtu nusu simba, wakati wa magharibi, kizingitini mwa mlango.

Msomaji Mwislamu hatakosa kukumbuka kisa cha Nabii Ibrahimu na moto wa Namrudi. Visa hivyo si kimoja, wala dini hizo si moja, na hakuna haja ya kulazimisha ufanano. Lakini inasaidia kujua kwamba nyuma ya rangi kuna fundisho ambalo jirani yako analichukulia kwa uzito: mfalme si mungu, na anayeshika imani yake hata mbele ya mzazi jeuri hataachwa aungue.

Rangi zina hadithi nyingine, ya Krishna na Radha. Krishna alikuwa mweusi wa samawati, Radha mweupe, na inasimuliwa kwamba alimpaka rangi usoni ili tofauti hiyo ipotee. Ndiyo sababu miji ya Mathura na Vrindavan, anakotajwa Krishna kukulia, ndiyo yenye shamrashamra kubwa kuliko zote. Katika mji wa Barsana wanawake huwapiga wanaume kwa fimbo, nao wanaume hujikinga kwa ngao, yote kwa utani. Siku hiyo mtumwa humpaka bwana na kijana humpaka mzee, na mpakwaji hatakiwi kukasirika.

Hapo tena Mswahili hana haki ya kushangaa sana. Makunduchi, Unguja, kila Julai watu husherehekea Mwaka Kogwa. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, na wanawake huimba. Mombasa na Lamu nazo zilikuwa na siku ya mwaka na kuoga baharini. Mila hizo zina asili ya Nairuzi ya Uajemi, wala si ya India, lakini haja iliyo ndani yake ni ile ile: mwaka unapogeuka, watu wanataka kuchoma cha zamani na kusameheana.

Kwa nini Holi na Ramadhani zimekutana

Kukutana huku si hila ya mtu. Kalenda zote mbili hufuata mwezi. Holi iko kwenye mwezi mpevu, kwa hiyo siku zote itakuwa karibu na tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, zile siku nyeupe ambazo wengi wetu huzifunga kwa sunna. Tofauti ni kwamba Wahindu, kila baada ya miaka takriban mitatu, huongeza mwezi mmoja ili sikukuu zao zisiondoke kwenye majira yake. Sisi hatuongezi, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote.

Matokeo yake ni kwamba Holi ilikutana na Ramadhani mwaka 2024, imekutana nayo 2025 na itakutana nayo 2026. Mwaka 2027 Holi itakuwa tarehe 22 Machi, na wakati huo tutakuwa tumeshakula Idi. Yaani ni wimbi la miaka mitatu, kisha linapita. Anayekuambia kwamba kuna njama ndani yake hajui kuhesabu mwezi.

Turubai za Sambhal

Huko India miaka hii mitatu imeshughulikiwa kwa namna ya kusikitisha. Mji wa Sambhal, jimbo la Uttar Pradesh, uliona ghasia na mauaji Novemba 2024 kuhusu msikiti wake mkuu wa kihistoria. Holi ya mwaka huu ilipoangukia Ijumaa, afisa mmoja wa polisi wa mji huo aliwaambia Waislamu kwamba Ijumaa ziko 52 kwa mwaka na Holi ni moja, hivyo asiyetaka rangi abaki nyumbani. Kiongozi wa serikali ya jimbo alimuunga mkono. Misikiti iliyo kwenye njia za maandamano ilifunikwa maturubai, na katika baadhi ya maeneo swala ya Ijumaa ikasogezwa mbele hadi saa nane na nusu.

Hesabu ya 52 kwa moja inaweza kusikika kama busara, lakini ina kasoro. Sikukuu ya kupakana rangi imejengwa juu ya ridhaa. Rangi inayomwagwa juu ya mtu asiyeitaka, au juu ya ukuta wa ibada yake, imeshakuwa kitu kingine. Na historia ya India yenyewe inamsuta afisa huyo. Wafalme wa Kimughal, ambao walikuwa Waislamu, walicheza Holi kasrini. Ziko picha za kuchorwa zinazomwonyesha Jahangir katika sherehe hiyo na wanawake wa nyumba yake. Hakuna aliyehitaji turubai.

Lakini tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Ghadhabu inayozaliwa na video hizo haina pa kutua Kenya isipokuwa juu ya watu wasiohusika. Mwenye duka la vitambaa wa Biashara Street hakufunika msikiti wowote. Kijukuu cha fundi aliyejenga reli mwaka 1900 hakuwahi kumpigia kura kiongozi wa Uttar Pradesh. Wazee wetu walisema pilipili usozila zakuwashiani. Tunaweza kuwaombea dua Waislamu wa Sambhal, na kulaani wanachofanyiwa, bila kumgeuza jirani wa Mombasa kuwa mshitakiwa.

Serikali ya Kenya ilitangaza Julai 2017 kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi hii. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Ulinzi ule ule unaotuwekea sisi mahakama za kadhi ndio unaomlinda Mhindu na moto wake wa Holi. Ukiung'oa upande mmoja, upande wa pili hautasimama.

Gatong'ora: kiwanda na tiketi

Sasa turudi bara. Gatong'ora ni wadi katika eneo bunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu. Eneo hilo zamani lilikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi. Leo ni ploti, nyumba za kupanga za ghorofa, vibanda vya M-Pesa na boda boda, sehemu ya mji wa Ruiru ambao sensa ya 2019 ilihesabu watu takriban 490,000. Nyumba hizo hupangwa na wafanyakazi wa viwanda na wanafunzi wa vyuo vilivyo kwenye barabara hiyo kutoka Kahawa hadi Juja na Thika. Miongoni mwao wamo wana wa Kilifi, Kwale, Mombasa na Tana River.

Huko watu hukutana na Mhindi kwa njia mbili tu. Njia ya kwanza ni kazi. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwa kuwa sheria za kikoloni ziliwazuia Wahindi kumiliki mashamba ya nyanda za juu, waliobaki walijenga maduka, kisha viwanda. Thika ikawa mji wa viwanda vya mafuta ya kupikia, nguo na vyakula, vingi vikiwa mali ya familia zenye asili ya Bara Hindi. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, "Muhindi" ni jina la mwajiri kabla ya kuwa jina la mtu. Manung'uniko ya mshahara, saa za kazi na kandarasi za muda ni ya kweli na yana mahali pake, mbele ya chama cha wafanyakazi na mahakama ya kazi. Tatizo huja pale dai la mshahara linapogeuka kuwa dharau ya dini: "hao wanaoabudu moto". Hapo haki ya mfanyakazi inapoteza nguvu, na mwajiri mbaya anapata kisingizio cha kujionea huruma.

Njia ya pili ni burudani. Sherehe za rangi wanazokwenda vijana wetu hazikutoka Mathura. Zilipitia Ulaya na Marekani. Mwaka 2012 kampuni moja ilianza kuuza tiketi za tamasha la Holi mjini Berlin, na mwaka huo huo mbio za kurushiana unga wa rangi zilianza Marekani. Zikasambaa dunia nzima, zikafika Nairobi na viunga vyake. Moto umeondolewa, na maombi, nazi na tende navyo havimo tena. Kilichobaki ni unga, muziki wa kishindo, mlango wa kulipia na, mara nyingi, pombe.

Kwa hiyo jibu la mzazi ni hili. Mwanao aliyerudi Gatong'ora amejaa rangi pengine hakushiriki ibada ya mtu. Lakini asidhani pia kwamba amejua utamaduni wa mtu. Na mwezi wa Ramadhani, maswali yake ni yale tunayoyajua: saa ngapi, na nani, na kinywaji gani. Hayo hayahusiani na Uhindu hata kidogo.

Kuna na suala la usalama ambalo waandaaji hawalitaji kwenye matangazo. Tarehe 27 Juni 2015, huko Taiwan, unga wa rangi uliotengenezwa kwa wanga wa mahindi ulilipuka katika tamasha la vijana. Watu 15 walikufa na karibu 500 waliungua. Unga laini ukitanda hewani hushika moto kama petroli; sigara moja au taa yenye joto kali inatosha. Zamani rangi za Holi zilitoka kwenye manjano na maua ya mti wa palash. Nyingi za leo ni za kemikali, na zikiingia machoni au kwenye kifua cha mwenye pumu huleta madhara. Kaunti zinazotoa vibali vya sherehe hizi zina wajibu wa kuuliza unga umetengenezwa kwa nini, na zima moto wako wapi.

Mpaka na ujirani

Baadhi ya masheikh wetu husisitiza kwamba Mwislamu hashiriki ibada ya dini nyingine. Hilo ni sawa, na Mhindu mwenye akili hakasiriki kwa hilo. Sura ya Al-Kafirun inatosha kuonyesha mpaka. Lakini mpaka si uadui. Kati ya kuuzunguka moto wa Holi na kumtukana anayeuzunguka pana uwanja mkubwa, na katika uwanja huo ndimo watu wa Pwani wameishi kwa karne nyingi: salamu, kupeana sahani ya chakula, kumpisha mwenzio njia siku yake, kwenda kumzika jirani.

Jukumu si la upande mmoja. Jumuiya za Kihindu nchini nazo zina la kujiuliza. Sheria inaitambua Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu, lakini Mkenya wa kawaida hajui hata maana yake, sembuse Holi. Kalasinga wa Makindu walifungua mlango wao kando ya barabara ya Mombasa na kumlisha kila msafiri bila kumuuliza dini, na hadi leo huwezi kumpata dereva wa Pwani anayewasema vibaya. Sikukuu inayofanyika nyuma ya geti lenye mlinzi huzaa uvumi. Mfanyakazi wa Thika anayejua kwa nini mwajiri wake hayupo siku hiyo, na ambaye mwajiri wake naye anajua kwa nini yeye anadhoofika alasiri za Ramadhani, hawatakuwa marafiki kwa sababu hiyo pekee, lakini hawatatiana moto kwa video ya simu.

Mwakani, usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi, mwezi mpevu utatoka tena juu ya bahari yetu. Mmoja atakuwa anatoka kuswali tarawehe, mwingine anatupa nazi na tende motoni. Itakuwa mara ya mwisho kwa miaka mingi sikukuu hiyo kuangukia mfungo wetu. Tukiwa na la kuwafundisha vijana wetu walioko Gatong'ora kabla ya siku hiyo, tuwafundishe kuuliza jina la jirani yao na maana ya sikukuu yake, na kufuta video zinazotaka wamchukie. Kiatu cha Baniani tumekivaa miaka mia tano. Si vibaya sasa tukamjua na mwenyewe.